Ombi la Kumwaga Zege Chini ya Miguu Yangu

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Uwanja,
Klabu ya Gofu.

Jumatatu, asubuhi.

Ndugu Mwenyekiti,

KUHUSU: ARDHI YA SHIMO LA KWANZA KUNIANGUSHA MARA KUMI NA MOJA

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, tena umekaa kwenye kiti ambacho miguu yake yote minne inagusa sakafu kwa wakati mmoja, jambo ambalo katika klabu yetu si la kutarajia sana. Mimi sijambo, isipokuwa nyonga ya kulia, kiwiko cha kulia na heshima yangu, ambavyo vyote vimeumia katika uwanja unaousimamia.

Kabla ya malalamiko nijitambulishe, maana wanachama ni wengi na najua kamati huwatambua kwa magari yao. Mimi ni fundi mwashi. Nimejenga kwa miaka thelathini na mmoja. Mafundi wenzangu wananiita Pimamaji, kwa sababu kile kifaa chenye kipovu ndani ya kioo, cha kupimia kama kitu kimelala sawa, hakitoki mfukoni mwangu. Hata siku ya harusi yangu nilikuwa nacho, na meza ya wazee ilibidi ihamishwe. Nimetembea juu ya ubao wa upana wa futi moja, ghorofa ya nne, ndoo ya zege begani, upepo ukivuma, na sikuanguka. Nimepanda mapaa yenye mvua nikashuka na miguu yangu yote miwili. Sasa nakuuliza kwa heshima zote: mtu wa namna hiyo anawezaje kuanguka kwenye majani mafupi, mchana kweupe, akiwa ameshika fimbo moja tu? Hawezi. Kwa hiyo mimi sikuanguka. Niliangushwa.

Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, nina mchezo na baba wa kijana anayetaka kumwoa binti yangu. Nitaeleza habari zake nikifika namba tano. Kwa sasa ieleweke tu kwamba sina muda wa barua yangu kuwekwa kwenye faili na kusubiri kikao cha mwezi ujao. Malalamiko nimeyapanga kwa namba ili asiwepo wa kusema hakuyaona.

1. Ardhi yenyewe.

Pale pa kuanzia shimo la kwanza, ukisimama mikono mitupu, ardhi imetulia. Inakuangalia. Ukishika dreva, ile fimbo ndefu kuliko zote, yenye kichwa kinene, ya kupigia mpira wa kwanza, ardhi inaanza visa. Unapoinua fimbo nyuma, inahamia kulia. Unaposhusha, inakimbilia kushoto kabla hujaiambia. Na mpira ukishaondoka, ardhi yote inarudi nyuma ghafla kama mkeka uliovutwa, na wewe unabaki chali unatazama mawingu. Tangu nijiunge na klabu nimepiga mipira ya dreva kumi na minne. Kumi na mmoja imenimalizia chini. Miwili nilijishika kwenye bega la mbeba mfuko wangu wa fimbo. Mmoja bado tunabishana. Yote nimeiandika kwenye daftari langu la kazini, kwa tarehe.

Nilikuja na pimamaji ili nimalize ubishi kitaalamu. Msimamizi wa majani alinizuia nikiwa nimeshapiga magoti. Alisema sheria zinaruhusu fimbo kumi na nne kwenye mfuko, na kile kifaa si mojawapo, na zaidi ya hapo mchezaji haruhusiwi kupima mwinuko wa ardhi kwa chombo wakati wa mchezo. Hebu litafakari hilo, Mwenyekiti. Mtuhumiwa anakataa kupimwa, na sheria inamkingia kifua! Katika kazi yangu, mtu akikataa msingi wake upimwe, huwa tunajua tutakuta nini.

2. Kocha.

Klabu ilinipa kocha, mama mmoja mtulivu, mwenye kofia nyeupe na adabu nyingi, ambaye hajawahi kupandisha sauti hata siku moja. Huo utulivu nauhesabu kuwa sehemu ya uchokozi. Alinitazama nikipiga mara tatu na kwenda chini mara tatu, akaandika kidogo, kisha akasema tatizo si nguvu, wala fimbo, wala mpira. Tatizo ni miguu. Miguu! Miguu hii ninayo tangu nizaliwe na hakuna mteja aliyewahi kuilalamikia.

Kwa maelezo yake, kwanza nasimama kwa vidole vya miguu, kama mtu anayeiba sukari rafu ya juu. Pili, nabana miguu mno kwa fimbo ndefu kiasi kile, kwa hiyo kiuno kikigeuka hakina kitu chini yake cha kukishika. Tatu, nikiinua fimbo nahama mzima mzima kwenda kulia, wakati ninatakiwa kugeuka palepale, uzito ukae upande wa ndani wa mguu wa kulia. Nne, nikipiga, uzito badala ya kuja mguu wa kushoto unarudi kisiginoni nyuma, kana kwamba naogopa mpira utalipuka. Na kule kuanguka, anasema, si kosa la tano. Ni jumla ya yale manne.

Nilimuuliza katika hayo yote fungu la ardhi ni lipi. Akasema hakuna. Naomba kamati izingatie jinsi alivyoisafisha ardhi haraka, bila uchunguzi wowote.

Halafu akanivua viatu. Alisema mguu mtupu unaisikia ardhi vizuri zaidi. Sikuwa nimepewa taarifa, na soksi yangu ya kushoto ilikuwa na dirisha la kidole gumba. Mama wawili wa barazani wakasogeza viti ili waone vizuri. Akaniambia niunganishe miguu kama askari kwenye gwaride, nipige nusu pigo, taratibu, ili mwili utafute katikati yake wenyewe. Nikapiga. Mpira ukaenda mbali kidogo tu, umenyooka, na mimi nikabaki wima. Nalitaja hili kwa kuwa mimi ni mtu wa haki. Nadhani ardhi ilikuwa haijajiandaa.

Mwisho akanishauri niwe napiga kwa nguvu themanini kati ya mia. Nikamwambia, mama, nimefanya kazi miaka thelathini na mmoja na hakuna aliyewahi kuniomba nusu nusu. Wapo mafundi waliojenga kwa themanini kati ya mia. Kuta zao naweza kukuonyesha, ila utainama kuzitazama.

3. Mazoezi ya nyumbani.

Aliniagiza nisimame kwa mguu mmoja kila ninapopiga mswaki: kushoto asubuhi, kulia jioni. Matokeo yake, kioo cha bafuni kina dawa ya meno hadi juu, pazia la kuogea halipo tena, na mke wangu, ambaye kwa miaka ishirini na saba hajawahi kunigongea mlango wa bafu, sasa anagonga na kuuliza kama ni mimi au ni tangi la maji limedondoka. Kuna pia zoezi la kupiga hatua. Unainua fimbo miguu ikiwa pamoja, halafu kabla mikono haijashuka unapiga hatua moja mbele kwa mguu wa kushoto, ili mwili ujue kwamba pigo linaanzia chini na si mabegani. Korido ya nyumba yetu ina upana wa mita moja na sentimita ishirini. Niliijenga mwenyewe, bila kujua kwamba nitakuja kuwa mwanamichezo. Nilitumia mpini wa fagio. Picha ya mama mkwe iliyokuwa ukutani hivi sasa iko kwa fundi wa vioo, na mke wangu anasema nililenga.

Lakini baya zaidi limetokea kazini. Kocha anasema kila pigo lazima limalizike mtu akiwa amesimama wima juu ya mguu wa kushoto, ncha ya kiatu cha kulia ikigusa majani kidogo tu, kitovu kikitazama kule mpira ulikokwenda, na abaki hivyo akihesabu hadi tatu. Ili nisipoteze muda nikawa nafanya zoezi hilo kwa koleo, nikipakia mchanga. Vibarua wakaniona. Hawakuuliza. Fundi mkuu akifanya kitu, wao wanajua ni utaratibu mpya. Sasa kwenye mradi wangu kila mtu akitupa koleo la mchanga anageuka, anasimama kwa mguu mmoja, anahesabu hadi tatu, ndipo anachota lingine. Watu kumi na wawili. Mwenye nyumba alipita Alhamisi, akasimama getini muda mrefu, kisha akanivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini kama tumeingia dini gani. Ghorofa ya kwanza ilikuwa imwagwe zege wiki iliyopita na bado tunapakia mchanga. Naomba ucheleweshaji huo uandikwe kuwa madhara ya ardhi yenu, maana ingetulia, mimi nisingefundishwa.

4. Pole.

Mbeba mfuko wangu ni mzee wa rika langu, mtu mwema, anayeujua uwanja kuliko kamati nzima. Sina ugomvi naye. Ila ameanza kuniambia "pole" kabla sijapiga. Aelekezwe kwamba pole hutolewa baada ya tukio.

5. Jumamosi.

Hapa ndipo penye uzito, Mwenyekiti, na naomba usome taratibu.

Binti yangu ni mtoto wangu wa pekee, mwalimu wa sayansi, na amechumbiwa. Kijana sina neno naye. Nimemtazama pembe zote, amenyooka. Tatizo ni baba yake, jaji mstaafu, mwanachama wenu wa siku nyingi, mtu anayezungumza kana kwamba kila sentensi yake itapigwa mhuri. Walipokuja kwetu mara ya kwanza alikaa sebuleni, akakunja nne, akaniuliza kwa upole wikendi huwa nafanya nini. Ukweli ni kwamba wikendi huwa nalala, na nikiamka natengeneza bomba. Lakini alikuwa amevaa shati lenye nembo ya klabu, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi langu mwenyewe nimeficha mikono chini ya mapaja, maana saruji haitoki kwenye kucha hata uisugue kwa msasa. Nikasema nacheza gofu. Akauliza tangu lini. Nikasema miaka kumi. Binti yangu alikuwa anamimina chai, na aliendelea kumimina kikombe kikiwa kimeshajaa.

Jaji alifurahi kupita kiasi. Alishangaa kwamba hatujawahi kukutana uwanjani. Nikamwambia huwa nakwenda alfajiri sana, nacheza peke yangu, sipendi kelele. Ulimi wangu siku ile ulikuwa na mbio, na hakuna aliyenikanyaga mguu. Wiki iliyofuata nikajiunga na klabu yenu kimyakimya, nikidhani harusi itawahi kabla ya gofu. Sasa ni miezi minne, na Jaji amepanga Jumamosi saa tatu, mimi na yeye. Barazani watakaa mke wake, shangazi wawili wa kijana, kijana mwenyewe na mke wangu, na katikati yao binti yangu, watazame wakwe wakifungua uwanja. Mke wangu ameniambia niumwe. Sijawahi kuumwa siku ya kazi na sitaanza leo.

Mimi siogopi mtu. Jambo ninalolisema ni hili. Siku binti yangu atakapokosana na watu wa nyumba ile, na kila ndoa huifikia siku hiyo, sitaki awepo shangazi wa kumkumbusha kwamba baba yake ndiye yule aliyelala chali shimo la kwanza mbele ya wageni. Nimemlea mtoto yule nikiwa na mwiko wa saruji mkononi. Nilikuwa nakwenda kwenye vikao vya shule yake na vumbi kichwani, na hajawahi kunionea aibu, au kama aliona, alinificha vizuri sana. Sitaki aanze Jumamosi.

6. Ombi.

Kutokana na hayo, naomba kibali cha kumwaga zege pale pa kuanzia shimo la kwanza. Ni kazi ndogo: urefu mita moja na nusu, upana mita moja, unene sentimita kumi na tano, nondo za milimita kumi na mbili, mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Kabla halijashika nitasimama juu yake mwenyewe, miguu imeachana kwa upana wa mabega na zaidi kidogo, ule wa kushoto umefunguka nje kiasi anachotaka Kocha, ili zibaki nyayo mbili. Atakayeingia mle hawezi kusimama kwa vidole, hawezi kubana miguu, hawezi kuhama kulia wala kushoto. Yale makosa manne ya Kocha yatakuwa yametibiwa kwa siku tatu, bila mtu kuvuliwa soksi.

Najua kutatokea mjumbe wa kuuliza wenye miguu midogo watafanyaje. Wavae soksi mbili. Wanaopiga kwa mkono wa kushoto je? Wageuke. Na ikionekana napendelewa, niko tayari kumwaga mashimo yote kumi na nane, kila mwanachama na nyayo zake, jina limechorwa kwa msumari pembeni. Wakitangulia mbele ya haki, familia zitajua pa kuweka maua.

Sambamba na hilo naomba mambo madogo matatu. Jaji aanzie kwenye majani, maana ardhi imeshamzoea. Viti vya barazani Jumamosi, kuanzia saa tatu hadi saa tatu na robo, vigeuzwe vitazame maegesho ya magari, sababu iandikwe kuwa ni upepo. Na sheria ya klabu iongezwe kifungu kwamba pigo lolote ambalo mchezaji ameishia chini lihesabiwe kuwa ajali iliyosababishwa na ardhi, na ardhi iandikiwe barua ya onyo. Onyo la tatu, ifungiwe.

7. Dunia.

Endapo kamati itanikatalia yote hayo, na naijua kamati, itabidi tupande ngazi ya juu zaidi. Binti yangu anawafundisha watoto kwamba dunia inazunguka. Nilimuuliza mwendo wake. Akasema ni zaidi ya kilomita elfu moja kwa saa kuelekea mashariki, na kwamba hatuisikii kwa sababu tunakwenda nayo. Sawa. Lakini mtu aliyeinua fimbo, mguu mmoja umeng'oka, amebakiwa na mguu mmoja tu wa kwenda nao. Kuna ajabu gani akiachwa nyuma? Nimelipekua daftari langu: katika mara kumi na moja, mara tisa nimeangukia magharibi.

Kwa maneno mengine, klabu inapokea ada za watu, inawasimamisha juu ya kitu kinachokwenda kasi ile, na haijaweka hata bango. Naomba bango. Naomba pia kamati iiandikie mamlaka inayohusika na mzunguko huo, iwe ipi iwayo, upunguzwe Jumamosi kwa ile robo saa. Watasema haiwezekani. Hata watu wa maji walisema haiwezekani kuleta bomba mtaani kwetu, na tulipoandika mara ya tano wakaleta.

Nisalimie Katibu, na mashine yake ya kupiga chapa. Nisalimie wakata majani wote, isipokuwa msimamizi wao, yeye mpe salamu nusu. Nisalimie mama wa barazani na uwaambie soksi ile nimeitupa. Mbeba mfuko wangu mpe salamu nzima. Kocha naye msalimie, kwa adabu ileile anayonitesea. Ninyi wengine wa kamati, na walio nyumbani kwenu, na mbwa wa getini ambaye peke yake hajawahi kucheka, nawasalimu nyote.

Nikitegemea kusikia mashine ya kuchanganyia zege ikinguruma kwa idhini yako kabla ya Jumatano jioni, nabaki,

Mwanachama wako mtiifu, aliyesimama kwa sasa,

Fundi Pimamaji.

Tanbihi. Alhamisi, jioni.

Barua hii haikuondoka Jumatatu. Nilipoifunga kwenye bahasha niliona haifai kwa mtu wa taaluma kuleta ombi bila sampuli. Kwa hiyo Jumatatu ileile nikamwaga zege uani kwangu, kwa vipimo vilevile, nikasimama, nikaacha nyayo. Nikalimwagilia maji asubuhi na jioni. Nikalipima pande zote nne, kipovu kikakaa katikati hakitikisiki. Zege zuri, Mwenyekiti. Katika maisha yangu sijamwaga zege zuri kuliko lile.

Leo saa kumi nikaingia kwenye nyayo zangu, nikashika dreva, nikapiga. Nikaruka nje ya msingi wangu mwenyewe, chali, nikatua kwenye nguo alizokuwa ameanika mke wangu. Nimeangukia mashariki.

Nilikaa palepale chini kwenye mashuka. Mke wangu alitoka, na nilijua atasema, maana ana mengi ya kusema na yote ya haki.  Badala yake aliokota nguo zake moja moja, akaniuliza kama nimeumia. Kisha akaja binti yangu, akachuchumaa, akanitazama jinsi anavyowatazama wanafunzi wake. Akaniuliza, "Baba, unamwogopa baba yake?" Nikaanza kumweleza habari za ghorofa ya nne na ndoo ya zege. Akasubiri nimalize. Nikamwambia ndiyo. Namwogopa, nimemwogopa tangu alipokunja nne sebuleni kwangu, na kila nikiishika fimbo ile namwona yeye, ndipo napiga kwa nguvu mia na hamsini ili nimalize haraka. Akasema, "Basi mpigie simu. Mimi naolewa na mtoto wake, siolewi na mipira." Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na mimi nilikuwa nimefunikwa shuka, sikuona vizuri.

Nikampigia Jaji. Nikamwambia si miaka kumi, ni miezi minne, na katika miezi hiyo nimeanguka mara kumi na mbili kwa hesabu ya leo.  Halafu akakohoa, akaniambia sebuleni kwake kuna ufa. Ulianzia juu ya dirisha kama unywele, sasa kidole kinaingia. Ana miaka miwili anausogezea kabati, na kabati ameshalihamisha mara tatu kwa sababu ufa unatembea. Siku ile alipokuja kwetu alikuja akitaka kuniomba niutazame, akaona haya. Aliogopa nisije nikadhani amekuja kutafuta fundi na si mkwe, tena mkwe mwenyewe ana miaka kumi kwenye gofu. Mheshimiwa Jaji, Mwenyekiti. Alikuwa ananiogopa mimi.

Kwa hiyo futa namba moja hadi namba saba. Ardhi yenu haina kosa, na dunia iacheni iendelee na mwendo wake. Kocha alisema kweli tangu siku ya kwanza, na naomba asisomewe barua hii mbele yangu. Mwambie nitafika Jumanne, nitapiga themanini kati ya mia.

Nafasi yetu ya Jumamosi saa tatu wape wengine. Mimi na mkwe wangu tutakuwa nyumbani kwake tunachimba pembeni ya msingi. Nimemwambia asiguse kabati lile hadi nifike, maana kwa jinsi alivyonieleza ule ufa, pale ndipo ardhi inapotembea kweli.